Kano hulishwa mwisho

Mtu aliyevunjika mfupa hunisikiliza vizuri. Amepigwa redio, yaani picha ya eksirei, ameona ufa kwa macho yake, amefungwa plasta, na wiki zikitimia anaonyeshwa picha nyingine ambapo mfupa umeshikana. Mwenye kano iliyochoka hana cha kuona. Redio inatoka safi, nesi anamwambia hakuna kitu, jirani anamwambia kuna mkono wa mtu, na yeye mwenyewe asubuhi hawezi kushuka kitandani bila kushika ukuta. Akifika kwangu swali ni lile lile: "Docta, mukubwa yangu alivunjika muguu, akapona, akarudi kazi. Mimi sikuvunjika kitu. Mbona mimi njo niko nakawia?"

Mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya viungo, hapa Goma, upande wa Ndosho, na wagonjwa wangu wengi ni vijana wa chukudu. Kwa ambaye hajafika kwetu: chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, chenye usukani mrefu, kinachochongwa kwa mti wa mkaratusi na kuvishwa vipande vya tairi. Kinabeba viazi, makala (mkaa), mbao, mamia ya kilo kwa safari moja. Kwenye mteremko wa kutoka Kibumba kijana hupiga goti moja juu ya ubao, na mguu wa pili unasukuma, unasawazisha, unafunga breki. Goti la kupigia huvimba mbele, ule mfuko wa ute ulio juu ya kilegesambwa ukijaa maji. Mguu wa kusukuma huumia nyuma, juu ya kisigino. Mji ulimjengea chukudu sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu kwenye rond-point, mzunguko wa barabara. Kisigino bado hakijapata sanamu.

Kwa miaka nilikuwa nalijibu swali la "mbona nakawia" kwa maneno ya chuoni: mzunguko hafifu wa damu, kolajeni, uchakavu. Kijana anaitikia kwa kichwa, kesho yuko barabarani na magunia. Maelezo yanayoingia kichwani mwa watu niliyapata kwa wanazuoni wa India wa zamani sana, na niliyapata kwa bahati.

Kazi hii niliisomea Bengaluru, kusini mwa India, kama Wakongo wengi ambao familia zao zilipiga hesabu zikaona ada za huko zinavumilika. Nilipanga chumba na kijana wa pale pale Karnataka aliyekuwa anasomea Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Kwao hiyo ni shahada kamili, miaka mitano na nusu pamoja na mwaka wa mazoezi hospitalini, na tangu mwaka 2014 tiba za aina hiyo zina wizara yake serikalini. Jioni mimi nakariri misuli na neva zake, yeye anakariri mashairi ya Kisanskriti huku akikoroga dengu. Tulibishana sana. Kitu kimoja katika ubishi ule kilinibaki, nacho ni habari ya upadhatu, tishu za daraja la pili.

Ili kuzielewa lazima kuanza na zile za kwanza. Ayurveda inahesabu dhatu saba, tishu zinazoushika mwili: rasa, yaani maji ya kwanza ya lishe, rakta, damu, mamsa, nyama, meda, mafuta, asthi, mifupa, majja, uboho, na shukra, mbegu ya uzazi. Chakula kinapikwa kwanza na moto wa tumbo, agni. Kinachotoka humo kinapita dhatu moja baada ya nyingine, na kila dhatu ina moto wake mdogo: inachukua sehemu yake, inajijenga, inapitisha kilichosafishwa kwa inayofuata, na kuacha taka. Sushruta, ambaye kitabu chake ndicho mama wa upasuaji wa India, anasema safari hiyo kutoka sahani hadi mbegu ya uzazi inachukua kama mwezi mmoja.

Wenyewe walibishana jinsi safari inavyokwenda, na walibishana kwa mifano mitatu ninayoipenda. Wa kwanza ni maziwa kuwa mtindi: dhatu moja inageuka kuwa ya pili. Wa pili ni mfereji wa shamba: maji ni yale yale, tuta la kwanza linalowana kabla ya la mwisho. Wa tatu ni njiwa kwenye uwanja wa kupuria nafaka: kila mmoja anaruka kutoka kiota chake na kuchukua punje zake, wa karibu anarudi mapema, wa mbali anachelewa. Rafiki yangu alikuwa mtu wa mtindi. Mimi nilikuwa, na bado ni, mtu wa njiwa, kwa kuwa huo unakaribia zaidi kile tunachokijua kuhusu damu: mishipa inafika kote, ila haifiki kote sawasawa.

Sasa pembeni ya ule msafara wa saba ndipo zilipo upadhatu. Charaka, mwandishi mwingine wa kale wa Ayurveda, anazitaja kwa mstari mfupi mno. Kutoka rasa yanatoka maziwa ya mama na damu ya mwezi. Kutoka damu zinatoka kano kubwa, kandara, na mishipa, sira. Kutoka nyama yanatoka mafuta ya ndani ya nyama, vasa, na tabaka sita za ngozi. Kutoka mafuta inatoka snayu, ambayo wengi wanaichukua kuwa ni ligamenti, ugwe unaoshika mfupa na mfupa. Basi. Mifupa, uboho na mbegu havikupewa mtoto. Karne nyingi baadaye, kama ya 13 au 14, Sharngadhara akaandika orodha nyingine, na humo kila dhatu ina wake: rasa ina maziwa, damu ina hedhi, nyama ina vasa, mafuta yana jasho, mifupa ina meno, uboho una nywele, na mbegu ina ojasi, ile nguvu ya mwisho ya uhai. Ukiniuliza, Charaka ananivutia zaidi kwa sababu aliacha nafasi wazi. Sharngadhara ananipa wasiwasi wa mtu aliyeona jedwali lenye visanduku vitupu akashindwa kulala mpaka avijaze. Jasho, kwa mfano, Charaka alilihesabu kuwa taka ya mafuta, na nywele taka ya mifupa. Huyu akavipandisha cheo vyote viwili.

Lakini meno kuwa mtoto wa mifupa, hapo nampa Sharngadhara haki yake. Nitarudi kwenye meno, maana hapa Goma meno yana habari yake.

Kinachozitenganisha upadhatu na dhatu, kwa maelezo ya wafafanuzi waliokuja baadaye, ni jambo moja. Dhatu inapokea na kupitisha. Upadhatu inapokea tu. Inashikilia mwili, inafanya kazi, ila hakuna tishu inayokula kutoka kwake. Njia inaishia pale. Nikaiweka hivi kwa kijana wa chukudu: kano yako iko mwisho wa bomba. Watu wa Ndosho hawahitaji maelezo zaidi ya hapo. Wanajua maji ya Regideso yanavyofika kwa wa mwisho wa bomba: usiku wa manane, matone, na siku nyingine hakuna. Aliye karibu na tangi akipasua bomba, jioni limezibwa na anaoga. Wa mwisho anasubiri.

Kwa mtazamo wa sayansi niliyosomea, Charaka hapo ana kasoro ya wazi: kano kwake ni mtoto wa damu, wakati kano iliyokomaa ni miongoni mwa sehemu zenye damu kidogo kabisa. Ile ya kisigino ina eneo, sentimita chache juu ya mahali inapojishika kwenye mfupa, ambapo damu ni hafifu zaidi, na hapo ndipo huumia na kukatika mara nyingi. Nilimtupia rafiki yangu hoja hiyo kwa furaha. Akajibu kwamba mtoto wa tajiri naye anaweza kufa njaa ikiwa baba anagawa kwa wengine kwanza. Ni jibu la mtu aliyeshiba dengu, lakini nimelitumia zaidi ya alivyotegemea.

Na kuna utafiti uliokuja kunipa heshima mpya kwa hiyo "mwisho wa njia". Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima kaboni katika kano za kisigino za watu waliokwisha kufa. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yaliongeza kaboni ya mnururisho angani, ikaingia mimeani, ikaingia chakulani, ikaingia miilini. Kwa kuwa kiasi hicho kilipanda kisha kikashuka kwa utaratibu unaojulikana, tishu inaweza kusomwa ilijengwa mwaka gani. (Uranium ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, kule Katanga. Kila hadithi ya bomu ina udongo wa Kongo mahali fulani.) Walichokuta ni kwamba kiini cha kano kilibaki na kaboni ya utotoni na ujanani, mpaka karibu miaka 17. Baada ya hapo karibu hakuna ujenzi mpya. Misuli waliyoipima ilikuwa imejibadilisha, kano kwa ndani haikubadilika.

Fikiria maana yake kwa kijana aliyeanza kusukuma chukudu akiwa na miaka 13, anashinda na ugali wa mihogo na sombe (kisamvu) bila samaki. Kano anayoitegemea leo alijengewa na sahani za wakati ule. Hilo siwezi kulirekebisha kwa mikono yangu wala kwa mafuta yoyote.

Ninachoweza ni kuifundisha kano kubeba. Hapa Ayurveda hainisaidii, ananisaidia daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, ambaye mwaka 1998 alitoa matokeo ya zoezi linaloonekana la kijinga. Simama kwa vidole vya miguu ukingoni mwa ngazi, panda kwa mguu mzima, shuka polepole kwa mguu mgonjwa mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, raundi tatu, goti limenyooka. Kisha tena goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Maumivu ya kadiri yanaruhusiwa. Ikizoea, ongeza uzito mgongoni. Ngazi yangu ni ya mawe ya lava, na uzito ni bidoni ya lita tano ndani ya begi la shule. Lita moja kilo moja, hesabu rahisi. Wiki 12 ndizo zinazowakimbiza watu. Ndipo ninapowarudisha kwenye bomba: maji hayajafika hata tangi la jirani, unataka yako?

Sisemi walale kitandani. Kano isiyobeba kitu inazidi kulegea, na kijana asiyesukuma hali. Tunapunguza mzigo, tunabadilisha mguu, tunakwepa mteremko mrefu kwa muda.

Mafuta ni mjadala mwingine. Wahindi wana kanda yao ya kila siku, abhyanga, kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto. Mama zetu wana mawese. Mama mmoja hunijia na mwanawe aliyeteguka kifundo, na chupa yake mkobani, na kabla sijagusa mguu anauliza, "Docta, nianze kumupakala?" Namwambia, mama, paka, kanda kwa upole, joto linatuliza maumivu na misuli inalegea. Lakini mafuta hayaendi kuilisha ligamenti, na yule muzee wa mtaani anayevuta mguu mpaka ulie "ka!" asiguse kwanza. Mpaka leo hatujapatana kuhusu muzee.

Haya, meno.

Ukikulia chini ya Nyiragongo unajua tabasamu zenye madoa ya kahawia. Watu husema ni kutopiga mswaki, na wasichana wanajifunza kucheka wakiziba mdomo. Sababu iko kwenye miamba. Volkano zetu zimejaa floridi, na baadhi ya chemchemi na mito ya eneo hili ina floridi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mlima unapotoa moshi, mvua inayopita ndani yake inashuka na asidi na floridi, na watu wengi hapa hunywa maji ya mvua ya kwenye mabati. Kidogo tu cha floridi huimarisha jino, ndiyo maana iko kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi, miaka ya kwanza minane hivi ya mtoto, enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, inatoka na mabaka meupe, kisha kahawia, kisha vishimo. Na enameli ikishajengwa haijengwi tena. Hapo jino na kiini cha kano ni ndugu: vyote viwili vinatembea na utoto wako.

Sharngadhara alisema jino ni tawi la mfupa. Kwa floridi hilo linashika vizuri ajabu. Mtoto anayeonyesha madoa amekuwa akipokea floridi ile ile kwenye mifupa, na mtu akiendelea kunywa maji yenye kiwango cha juu sana kwa miaka mingi, mifupa inakuwa mizito na ligamenti za mgongo zinaanza kugeuka mfupa. Kwa hiyo mzee wa kijijini akija na mgongo mkavu usiokunjika, kabla ya kumlaza kifudifudi namwomba afungue mdomo. Anashangaa, maana kine hatazami meno. Halafu namuuliza alikulia wapi na walikuwa wanachota wapi. Meno hayanipi jibu la mgongo, yananiambia swali gani niulize, na ni nani nimpeleke hospitali kwa picha na vipimo badala ya kumkanda bure.

Na kuchemsha maji hakuondoi floridi. Nalirudia hili kila wiki. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki sufuriani, na maji yakipungua inazidi kuwa kali.

Ngozi nitaipita haraka, isipokuwa kwa kisa kimoja. Charaka alihesabu tabaka sita, Sushruta saba, na Sushruta akaandika hata unene wa kila moja kwa kipimo cha punje ya nafaka. Alizionaje? Alielekeza maiti isafishwe matumbo, izungushiwe majani, iwekwe ndani ya kizimba kwenye mto unaotiririka polepole, mahali pa faragha, siku saba. Kisha isuguliwe kwa brashi ya mizizi au nywele, tabaka moja moja, na mwanafunzi atazame kwa macho yake. Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mikroskopu. Hesabu zake nyingine hazilingani na zetu, mifupa 300 dhidi ya 206 tunayoihesabu kwa mtu mzima, lakini mtu anayekaa mtoni na brashi namheshimu kuliko anayejaza visanduku.

Maziwa ya mama ndiyo upadhatu inayoniletea ugomvi nyumbani, kwa sababu mke wa mdogo wangu ana mimba na dukani Birere kuna poda. Charaka anasema kitu kizuri juu ya mjamzito: lishe ya chakula chake inagawanyika mara tatu, sehemu ya mwili wake mwenyewe, sehemu ya maziwa, sehemu ya mtoto. Mabibi zetu walilijua hilo kwa sufuria, ndiyo maana mzazi hapa anapikiwa uji wa mtama asubuhi na jioni hata kama nyumba haina kitu. Wahindi huongeza mzizi wa shatavari, jamii ya mmea wa asparaga. Ushahidi wake wa kuongeza maziwa bado ni mwembamba, wakati kumnyonyesha mtoto mara kwa mara hakuna anayebisha.

Sasa poda ile. Kikopo cheupe, picha ya mifupa na ng'ombe, muuzaji anaapa inatoka India na inajenga mifupa ya mama na maziwa ya mtoto. Shemeji yangu akanionyesha simu: "Yaya, si wewe unasema hiyo dawa ya Wahindi ni nzuri?" Mawazo ya Wahindi ni mazuri, shemeji. Kikopo ni kitu kingine. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa makusudi na madini yaliyochomwa, zebaki na risasi zikiwemo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walinunua kwenye intaneti dawa 193 za aina hiyo, zilizotengenezwa India na Marekani kwenyewe, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Risasi mwilini inafanana na kalisi kiasi kwamba mfupa unaipokea na kuitunza. Kwa mtu mzima zaidi ya tisa ya kumi ya risasi yake iko mifupani, na inaweza kukaa humo miongo. Mama anapobeba mimba na kunyonyesha, mfupa wake unaachia kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi inatoka pamoja nayo, inapita kwenye damu, inamfikia mtoto tumboni, na kidogo inaingia kwenye maziwa. Ni njia ambayo wanazuoni wale hawakuichora: mfereji wao ulikwenda mbele tu, kutoka rasa kuelekea mifupa. Huu unarudi nyuma.

Kwa hiyo shemeji alirudishiwa simu yake, na pesa ya kikopo tukanunua sambaza wa ziwani, wale wanaoliwa na mifupa yao yote. Amelalamika kwamba mimba haitaki harufu ya samaki. Tumekubaliana wakaangwe kwa mdogo wangu nje, upepo ukielekea kwa jirani.